Sahani Niliyompa Paulina

Masasi, Jumamosi, baada ya adhuhuri

Rukia mwanangu,

Umetoka sasa hivi na baiskeli ya baba yako kwenda Chiungutwa kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana bibi yako haachi mtu aondoke kwake na tumbo tupu. Nimefunga mlango wa mbele. Majirani nimewaambia kichwa kinaniuma. Si kweli, lakini nisingepata njia nyingine ya kukaa peke yangu na kalamu.

Habari za chandarua, sabuni na namna ya kuishi na wenzako bwenini sitaziandika. Hayo tumekwisha kuyasema mpaka yamekuchosha. Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyasema juzi, mwalimu mwenzangu wa nyumba ya pili alipokuja kukuaga. Alikuuliza ukimaliza chuo utapenda kufundisha nini. Ukamjibu, "Nataka kuwatoa watoto darasani, niwapeleke msituni wakajifunze huko. Kama mama alivyofanya Newala." Baba yako akatabasamu. Yule mwalimu akasema, "Kweli, Mama Rukia ndiye mwenye somo lile. Wilaya nzima wanamjua." Mimi nikainuka, nikaenda jikoni nikijifanya natafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani mbele yangu.

Nilishikwa na kinyaa, mwanangu. Kinyaa juu yangu mwenyewe, kile ambacho kwa miaka mingi nimekuwa nikikisikia kila mtu anaponisifu. Lakini sifa ya juzi ilitoka kinywani mwako. Siwezi kukuacha upande basi kesho ukiwa umebeba sifa hiyo kama chakula cha njiani. Imeoza.

Nilipelekwa kule juu Newala, kwenye shule moja upande wa Kitangari, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Jina la shule sitalitaja. Mimi nimekulia Tabora mjini, kwenye nyumba za reli, na msitu niliufahamu kupitia dirisha la behewa. Baba yako alikuwa hapa Masasi na cherehani yake, nami niliishi kwenye nyumba ya mwalimu, bati juu na sakafu ya udongo, na wewe ukiwa mchanga. Uhuru ulikuwa bado mpya. Redio ilikuwa ikisema kila siku kwamba elimu iwe ya kujitegemea, mtoto asifundishwe kulidharau jembe. Ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vimepamba moto. Siku nyingine tulisikia mngurumo wa ndege kwa mbali, na watoto wenye asili ya kule walikuwa wakijikunyata chini ya madawati bila kuambiwa na mtu.

Siku moja nilichora jani ubaoni. Nilikuwa nimelinakili kitabuni, likiwa na mishipa na kikonyo chake, zuri kabisa. Msichana mmoja wa darasa la tano akanyoosha kidole. Jina lake Paulina. Alikuwa na miaka kama kumi na mmoja, mwembamba, sare yake imeshonwa kwa kitambaa cha gunia la msaada.

"Mwalimu, jani hilo la mti gani?"

Sikujua. Kitabu hakikusema. Nikamwambia, "Ni jani tu."

"Basi tukilikuta tutalijuaje?"

Darasa likacheka. Mkono wangu ulikwisha kwenda kwenye fimbo, nakwambia ukweli. Lakini alikuwa hajacheka yeye. Alikuwa anataka kujua. Nikaiacha fimbo, nikauliza ni nani anayeijua miti ya hapa. Paulina akasema, "Bibi yangu anaijua yote. Hata ya huku, ingawa siyo kwetu."

Hivyo ndivyo somo lilivyoanza. Mimi sikulianzisha. Liliulizwa na mtoto na likajibiwa na bibi yake.

Bibi huyo tulimwita Bibi Losa. Mapadri wa ng'ambo walimbatiza Rosa, lakini kwa ulimi wa Kimakonde hata yeye mwenyewe alijitaja Losa. Alivuka Ruvuma na mjukuu mgongoni baada ya kijiji chao kuchomwa. Mama yake Paulina hakuvuka, na Bibi Losa hakulisema hilo zaidi ya mara moja. Aliishi kwa kuchimba ming'oko vichakani, ile mizizi myembamba unayoipenda, akiichemsha na kuiuza sokoni kwa mafungu.

Nilipokwenda kumwomba, alinitazama miguu kwanza. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino.

"Na wewe mwalimu utaingia?" akauliza.

"Nitaingia."

"Haya. Lakini humo ndani, mimi ndiye ninayesema."

Tuliingia kila Alhamisi, watoto arobaini, Bibi Losa mbele, mimi nyuma na wewe mgongoni. Hakuwa na chaki wala daftari. Aliwakalisha chini kwanza, wasiseme kitu, mpaka ndege warudie kulia. Halafu akawaambia wanuse. Alimwita mtoto mmoja mmoja, akamfumba macho kwa upindo wa kanga, akamwekea jani puani: hili lipi? Aliwafundisha kuufuata mti mwembamba wa ming'oko kutoka juu kichakani mpaka unapoingia ardhini, kuchimba pembeni bila kuukata, kuchukua mzizi na kukirudisha kichwa chake udongoni. "Ukila kichwa, mwakani utakula nini?" alikuwa akiwauliza, nao wakacheka.

Na aliwafundisha ndiga. Hiyo nayo ni mzizi, mnene kuliko ming'oko, na ni sumu. Watu huila mwaka wa njaa baada ya kuikata vipande vyembamba na kuiloweka siku nyingi, wakibadilisha maji kila mara. Kule juu ambako ndoo moja ya maji ni safari ya kuteremka bondeni na kupanda tena, kuloweka ndiga ni kazi ya kukata tamaa. "Majani matatu kwenye kikonyo kimoja, shina lina miiba," alisema Bibi Losa, na watoto wakaitikia mpaka ikawa kama wimbo wa kuruka kamba. "Ikiwa imekwisha kumenywa huoni jani wala mwiba. Basi ivunje. Tazama rangi yake. Inuse."

Paulina alikuwa wa kwanza katika yote hayo. Hakukosea hata mara moja.

Sipendi kukudanganya hata hapa: miezi ile ilikuwa mizuri. Watoto waliokuwa wanasinzia waliamka. Nami nilijifunza. Jioni niliandika kila alichosema Bibi Losa kwenye daftari langu, kwa mwandiko safi, na kwenye jalada nikaandika jina langu. La kwake sikuliandika mahali popote. Nilijiambia kwamba hajui kusoma, atafaidika nini.

Mkaguzi alipokuja akalifungua daftari, akauliza, "Utaratibu huu ameubuni nani?" Mwalimu Mkuu akanitazama. Nikasema, "Mimi, Ndugu." Bibi Losa alikuwa uwanjani, hatua thelathini kutoka pale, akiwasubiri watoto kwa sababu ilikuwa Alhamisi.

Ukitafuta mahali nilipoanza kuharibika, anzia hapo.

Baada ya mkaguzi, Mwalimu Mkuu aliona faida. Akaanza kuniambia, "Mwalimu, watoto wakiwa msituni warudi na kuni kidogo." Wakarudi na kuni. Halafu fito za kujengea ghala lake. Halafu Alhamisi mbili mfululizo wakapalilia mikorosho yake, na mimi nikaandika kwenye shajara ya masomo: *Maarifa ya mimea, kwa vitendo.* Kwangu pia kuni zililetwa. Ming'oko ililetwa, kikapu kizima, imeoshwa kwa maji ambayo mtoto fulani aliyateka bondeni alfajiri. Niliila. Ulikuwa bado unanyonya, kwa hiyo nawe uliila kupitia kwangu. Samahani kwa kuliandika hilo. Nimekaa nalo mno.

Kisha ikaja habari kwamba wageni wanatoka mkoani kuja kuona shule inayojitegemea. Mwalimu Mkuu alichangamka kama bwana harusi. Akasema wageni watakula chakula cha msituni kilichochimbwa na watoto wenyewe, kisha watakula wali na mbuzi. Siku tatu kabla, akaniita ofisini.

"Yule mama wa ng'ambo asionekane siku hiyo. Wakiuliza amesoma wapi, tutasema nini? Hana cheti, hana hata karatasi ya kukaa hapa."

Nilikwenda kumwambia mimi mwenyewe, tena nikimpelekea maneno matamu, kwamba apumzike kidogo, amefanya kazi kubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, au kama alikasirika sikuona.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Lakini watoto wasichimbe upande wa mteremko bila mimi. Kule ndiga na ming'oko zimekaa pamoja."

"Nimesikia, Bibi."

Nilisikia kweli. Lakini karibu na shule ming'oko ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tumeila sisi, walimu. Mwalimu Mkuu alitaka magunia mawili, akayashindanisha madarasa: darasa litakaloleta zaidi litakaa mbele siku ya wageni. Watoto wakaenda mteremkoni mbio. Mimi niliketi kivulini juu ya genge na wewe mapajani. Niliogopa upupu, niliogopa kuchafua gauni, na nilijiambia kwamba wanajua, wamefundishwa. Walichimba kwa kugombania, wakubwa wakiwasukuma wadogo. Hakuna aliyerudisha kichwa ardhini. Jioni darasa la sita wakamenya, wakakata vipande, wakajaza sufuria tatu.

Asubuhi ya wageni, mama mpishi aliinua kifuniko cha sufuria ya tatu, akatoa kipande, akakirudisha. Akaja kwangu akijifuta mikono.

"Mwalimu, hii nyingine sina hakika nayo."

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama karibu. "Huna hakika na nini?"

"Kama ni ming'oko."

Kulikuwa na njia nyepesi, Rukia. Sufuria ile ingemwagwa, wageni wangekula wali, na dunia isingegeuka. Hata leo nikipika huwa naiona sufuria ile ikimwagwa. Lakini Mwalimu Mkuu alitazama saa yake, akatazama sufuria, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza ufagio:

"Wape kwanza watoto waonje. Wale wa ng'ambo. Wamezoea mizizi."

Hakumtaja mtu. Mimi ndiye niliyechagua. Nilimwita Paulina kwa sababu alikuwa karibu, akipanga viti, na kwa sababu alikuwa mtiifu. Nilichukua sahani ya bati, nikaweka vipande vitatu. Wewe ulikuwa mgongoni, umelala. Nakumbuka joto la shavu lako kwenye bega langu wakati ninaunyoosha mkono.

Paulina alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa. Akachukua kipande, akakivunja. Akatazama ndani. Akanusa. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa, kwa mpangilio uleule.

"Mwalimu, hii ni ndiga."

"Kula," akasema Mwalimu Mkuu.

Paulina hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Mimi ndiye mwalimu wake, mimi ndiye niliyekaa naye msituni Alhamisi zote zile. Alikuwa akisubiri nimwambie umepata.

Nikamwambia, "Onja kidogo tu, Paulina."

Akaonja. Nikaona uso wake unakunjamana, maana ndiga inachoma mdomo. Akatazama tena kwangu. Mwalimu Mkuu akasema, "Malizia hicho, hatuna muda." Akamaliza kipande. Akaanza cha pili, ndipo mate yakaanza kumtoka, mengi, hawezi kuyameza. Akatapika. Alitapika kwenye viatu vyangu, vyeupe, vipya, baba yako alinitumia kwa ajili ya siku ile.

Nikavuta mguu.

Nimeandika mistari mingi mpaka hapa na hakuna ulioniwia mgumu kama huo. Mtoto niliyemlisha sumu kwa mkono wangu alikuwa anatapika, na kitu cha kwanza mwili wangu ulichofanya ni kuokoa kiatu.

"Mpelekeni nyuma ya darasa," akasema Mwalimu Mkuu. "Na sufuria hiyo ikafukiwe." Wasichana wawili wakubwa wakamchukua. Alikuwa anayumba kama mlevi, mikono inatetemeka. Wakati huohuo tukasikia gari la wageni likikata kona. Nikapangusa viatu kwa majani, nikaenda kusimama kwenye mstari.

Tuliimba. Watoto walionyesha majani, wakataja majina, wageni wakapiga makofi. Mgeni mmoja, mtu mpole mwenye miwani, akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, na hawa watoto wanaweza kutofautisha chakula na sumu?"

Nikasema, "Wanaweza sana, Ndugu."

Na jibu lile halikuwa uongo.

Tulikula mbuzi. Nilikula, Rukia. Niliposhika nyama mkono wangu ulinuka ndiga, na bado nilikula.

Bibi Losa aliletewa habari akiwa anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Watoto waliniambia baadaye kwamba aliimwaga ile ndoo yote njiani ili apate kukimbia. Alifika wageni wakiwa bado wanakula. Nilimwona anapita ukingoni mwa uwanja, nikaondoka mezani kwa kisingizio cha kukunyonyesha, nikamfuata nyuma ya darasa. Alikuwa amemweka Paulina mapajani, amemgeuza kichwa ubavu asipaliwe, anamfuta mate kwa kanga. Mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Mwalimu," akasema bila kuinua macho. "Hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba ni ndiga."

"Na wewe ukasema nini?"

Bibi Losa akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, mtoto mkubwa kama yule, miguu ikining'inia.

"Mimi nimewakimbia watu wenye bunduki," akasema. "Sikujua kwamba hata mwalimu ni mtu wa kukimbiwa."

Kijana mmoja muuza kuni alimbeba Paulina kwa baiskeli mpaka zahanati, Bibi Losa akikimbia kando na kumshika asianguke. Mimi nilirudi uwanjani. Wageni walikuwa wananiulizia wanipe mkono.

Paulina alipona. Siku nne alikuwa haoni vizuri na hawezi kusimama, kisha akapona. Hakurudi shule. Nilikwenda kwao na kanga mpya na sukari. Bibi Losa alitoka nje, akavuta mlango wa mabua nyuma yake nisione ndani, akanijibu salamu yangu vizuri, akakataa kanga na sukari, akaingia ndani. Mwezi uliofuata nyumba ilikuwa tupu.

Kuhusu ugonjwa, ilibidi iandikwe taarifa. Mwalimu Mkuu aliiandika hivi: mwanafunzi aliugua kutokana na kula hovyo porini nje ya saa za masomo. Akanisogezea nitie saini kama mwalimu wa darasa. Kalamu ilikuwa nzito? Hapana. Ningependa kukwambia hivyo. Ilikuwa kalamu ya kawaida, na nilitia saini kwa herufi zangu nzuri. *Kula hovyo.* Yule mtoto ambaye kati yetu sote ndiye pekee aliyejua anachokula.

Mwalimu Mkuu akapandishwa cheo akahamishwa. Na mimi nikaletwa hapa Masasi kwa sababu ya sifa za mgeni mwenye miwani, niwafundishe walimu wengine somo la msituni. Hiyo ndiyo kazi inayojulikana wilaya nzima. Miaka miwili nilizunguka na lile daftari, Nanganga, Chiungutwa, kote, nikieleza jinsi ya kumfumba mtoto macho na kumwekea jani puani. Walimu waliandika. Wengine waliuliza, "Na sumu je?" Nikawaambia majani matatu kwenye kikonyo kimoja, shina lina miiba. Na kwa macho yangu nikaona, shule baada ya shule, somo lile likigeuka kuwa kuni za walimu na mikorosho ya wakubwa, shajara zikijazwa maneno yaleyale niliyoyatumia mimi. Nilikuwa nimewapa hata jina la kuifichia kazi hiyo. Leo hii nikipita barabarani saa nne asubuhi nikaona mstari wa watoto na majembe wanaelekea shambani kwa mtu, na mwalimu nyuma na mwavuli, huwa nageuza uso. Nina karaha na yule mwalimu, na najua karaha yangu haina haki ya kumnyooshea kidole.

Niliomba kurudi darasani kwa kisingizio cha afya. Toka hapo sikumtoa mtoto nje tena. Utakumbuka, ulikuwa darasa la nne kwangu. Nilichora jani ubaoni, ukanyoosha mkono ukasema, "Mwalimu, kwa nini tusiende tukalione? Miti ipo hapo dirishani." Nilikupigisha magoti mpaka kengele. Nyumbani uliniuliza, "Mama, nilikosa nini?" Nikakwambia kwamba shuleni mimi si mama yako. Hukuwa umekosa kitu. Nilikuwa nimemsikia Paulina.

Nilidhani kwamba nikijifungia ndani na chaki nalipa kosa. Haikuwa hivyo. Niliwanyima watoto mia kadhaa kitu kizuri kwa sababu mimi nilikichafua. Kitu chenyewe hakikuwa na uchafu wowote. Alhamisi zile za kwanza, watoto wamekaa kimya mpaka ndege warudie kulia, sijaona shule nzuri kuliko ile mpaka leo.

Msimu wa korosho uliopita, niliposema nakwenda Kitangari kwenye msiba wa mwalimu mwenzangu, nilikwenda kweli msibani. Lakini kuna jambo sikuwaambia. Sokoni nilisimama kununua ming'oko. Mwanamke aliyekuwa ananifungia kwenye gazeti akaniinulia macho, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Nilimtambua papo hapo. Nikainamia beseni lake badala ya kuitikia. Akarudia, akidhani sikusikia. "Shikamoo, mwalimu. Mimi Paulina wa Bibi Losa."

Nikauliza habari za bibi yake. Alikwisha kufariki, walirudi ng'ambo vita vilipokwisha, akazikwa kwao. Paulina akaolewa huku. Ana watoto watatu. Anawapeleka mwenyewe kuchimba siku za Jumamosi, mmoja bado hajaanza shule lakini tayari anajua ndiga. Aliyasema hayo kwa furaha ya mama yeyote.

Nikaanza, "Paulina, siku ile..." Nilizoea kusema mbele ya walimu hamsini, na mbele ya mwanamke mmoja mwenye beseni nikakosa maneno.

Akanisaidia. Alikuwa anapanga mafungu, haniangalii.

"Mwalimu, kuugua nilisahau. Mtoto huugua akapona. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimejibu sawa."

Kisha akaja mteja, akamhudumia. Aliponigeukia tena akanipa chenji yangu na kunitakia safari njema.

Rukia, sina ushauri wa kukupa juu ya misitu. Utafundishwa huko na watu wanaojua, na ukifika kituo chako cha kazi mtafute anayejua pale, na jina lake liandikwe kwenye jalada. Ninachoweza kukupa ni habari zangu. Kuna siku mkubwa wako atakuambia jambo la aibu kwa sauti ya kawaida, kukiwa na haraka, gari likiwa linakata kona, na mtoto akiwa anakutazama wewe. Kwangu lilipita kwa muda mfupi kuliko muda wa kufunga kamba ya kiatu. Usidhani utasikia moyo unadunda na kujua kwamba hiyo ndiyo saa yenyewe. Mimi sikusikia kitu.

Baba yako hajui. Nitamwambia leo usiku, baada yako, kwa sababu nimeona wewe ndiye uwe wa kwanza. Ukitaka kumweleza mwalimu wa nyumba ya pili, mweleze. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukiondoka kesho bila kunipa mkono, nitaelewa, na nitakuja kituoni hivyo hivyo.

Nilikuwa nimepanga niifiche barua hii sandukuni, katikati ya shuka, uikute ukiwa umefika mbali. Nimesikia kengele ya baiskeli yako pale kwa fundi baiskeli, unasalimiana na watu. Sitaificha. Nafungua mlango, nakupa mkononi, na nitakaa kwenye kiti mbele yako mpaka umalize kuisoma.

Mama yako